Barua kwa wazazi: kufunga muhula na sherehe ya Juneteenth

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Tunafunga Jumamosi hii. Ripoti zitatolewa saa sita mchana. Kusoma na kuandika Kiswahili kumepanda, hasa darasa la tatu.

Nawapongeza watoto kwa sherehe ya Juneteenth, sikukuu ya uhuru wa watumwa hapa Marekani. Muhula mzima wamejifunza jinsi Jenerali Gordon Granger alivyotangaza pale Galveston, tarehe 19 Juni 1865, kwamba watumwa wa Texas wako huru. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa lilikuwa na zaidi ya miaka miwili tayari, na watu wapatao 250,000 walikuwa bado wanatumikishwa. Mwaka uliofuata watu hao hao wakaifanya siku ile sikukuu, kwa sala, nyimbo na chakula. Nilitaka watoto waione furaha hiyo, maana vitabu vingi huwaonyesha minyororo tu.

Na mliiona wenyewe ukumbini. South Carolina ilipopiga marufuku ngoma mwaka 1740, baada ya uasi wa watumwa wa Stono, watumwa walipiga miili yao: mapaja, kifua, viganja, kisigino sakafuni. Ndiyo juba waliyoicheza darasa la nne. Kina bibi wa mstari wa mbele walipiga vigelegele kabla wimbo haujafika katikati. Aliyeongoza ni mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambaye mwezi wa kwanza hakuwa akifungua mdomo darasani. Nimefundisha muda mrefu, na siku ile nilijivunia kazi hii.

Sasa nije kwenye yaliyoniudhi. Safari ya Emancipation Park, bustani ya kihistoria ya Wamarekani Weusi mjini Houston, ilikosa watoto wengi, bila taarifa. Baadhi yenu mmesema hiyo si historia yetu, sisi tumekuja juzi. Ndugu zangu, sheria ya uhamiaji ya 1965 iliyotupanulia mlango Waafrika ilipita katika vuguvugu la Wamarekani Weusi kudai haki, wakipigwa na kufungwa. Na mwanao akisimamishwa barabarani, hakuna atakayeuliza kama babu yake ni wa Lubumbashi au Tanga.

Baya zaidi ni wavulana watatu wa darasa la saba waliowaita wageni wetu “watoto wa watumwa”. Wageni hao ni watoto wa kanisa la Wamarekani Weusi linalotupa ukumbi huu bure kila Jumamosi. Mmoja wao alilia mbele yangu. Neno lile hatukulifundisha darasani. Watoto wamelisikia nyumbani, na wazazi husika wanajijua. Wavulana hao hawatapokelewa muhula ujao mpaka kila mmoja afike na mzazi wake, wamwombe radhi yule mtoto na familia yake, ana kwa ana. Ujumbe wa simu sitaupokea.

Ada: madeni ni mengi mno. Bustani mliyokataa watoto wasiione ilinunuliwa mwaka 1872 na watu waliokuwa na miaka 7 tu tangu watoke utumwani. Wakiongozwa na Mchungaji Jack Yates, walichangishana wakapata ekari 10, ili wawe na mahali pao pa kusherehekea. Hawakuwa na mshahara wa kiwanda wala wa hospitali kama sisi. Anayedaiwa alipe kabla ya kufungua, na mwenye shida ya kweli aje tuzungumze, sitamfukuza mtoto wake.

Kuchukua watoto ni saa nane kamili, si saa tisa.

Wenu,
Mwalimu Mkuu