Picha za kuunganisha zitajwe hivyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwasihi wahariri wa magazeti na watengenezaji wa mabango ya utalii waseme wazi, chini ya picha, kila wanapochapisha picha iliyoundwa kwa kuunganisha picha kadhaa.

Siipingi kazi hiyo, kwani ndiyo inayonilisha. Wateja huniletea picha ya kijana wao aliyeko Uarabuni nimweke kando ya nduguze katika picha ya harusi, nami hulazimika kuhakikisha kwamba mwanga unatoka upande mmoja, kamera zilikuwa kimo kimoja, na kivuli chake kimelala kama vya wenzake, la sivyo ataonekana anaelea. Wenyewe wanajua fika kwamba hakuhudhuria, hivyo hakuna anayedanganywa. Wala ufundi huu haukuletwa na kompyuta: mwaka 1857, huko Uingereza, mpigapicha Oscar Rejlander alionyesha picha moja aliyoiunda kwa negativu zipatazo 30 (yaani picha za awali ambazo mwanga na giza vimegeuzwa, zinazotumika kuchapishia picha kamili), na akaeleza hadharani jinsi alivyoiunda.

Kinachonikera ni picha inayotolewa kana kwamba ni ushahidi. Nimeona bango la Fort Jesus lenye jua jekundu likizama baharini nyuma ya ngome. Mzaliwa wa Mji wa Kale atacheka, maana bahari yetu kuu iko mashariki na jua hutua upande wa bara. Isitoshe, vivuli vya watu waliosimama mbele ya ukuta vimeelekea kulekule liliko jua. Mgeni aliyelipa nauli kuja kuyatazama machweo hayo atamlaumu nani?

Kwa gazeti jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 2003 mpigapicha Brian Walski alifutwa kazi na Los Angeles Times kwa kuunganisha picha mbili za askari wa Uingereza na raia wa Iraki karibu na Basra. Zote mbili alizipiga mwenyewe, mahali pamoja, lakini baadhi ya raia walionekana mara mbili katika picha iliyochapishwa, na hapo ndipo alipogunduliwa.

Maneno “picha ya kuunganisha” yanatosha. Yachapwe kwa herufi za ukubwa uleule wa maelezo ya picha, na kwenye mabango yasomeke na mtu aliye ndani ya matatu.

Mpigapicha wa studio,
Mombasa