Nesi anayeandika dawa afundishwe kuandika dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonikosesha raha kila nikitoka kusimamia wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi hapa Morogoro. Wengi wa wanafunzi wangu ni watu wazima, wauguzi waliokwisha kufanya kazi zahanati na sasa wamerudi darasani kujiendeleza. Wakimaliza watarudi huko huko, kwenye meza ya kuandika dawa.

Tusifichane. Kwenye zahanati nyingi za vijijini, mganga akienda semina, akiugua au akiwa likizo, nesi ndiye anayempokea mgonjwa, anayempima, anayemwandikia dawa, na mara nyingi ni yeye huyo anayezitoa dirishani. Hospitali kubwa dawa hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mgonjwa, na alichokosea mmoja, mwingine anaweza kukinasa. Zahanati hayupo huyo mwingine. Sina ugomvi na nesi kuandika dawa. Watumishi hawatoshi, na nesi aliyeiva kazi hiyo anaiweza vizuri. Ninachogombea ni namna tunavyomwandaa.

Famakolojia, yaani somo la dawa, vyuoni bado ni ya kukariri. Mtihani unauliza kuhusu antibayotiki ya sindano, "Taja madhara ya jentamaisini." Mwanafunzi anaandika figo, anaandika masikio, anapata alama zake. Sasa njoo naye wodini.

Majuzi mwanafunzi mmoja, dada makini kabisa, alikuwa anaandaa jentamaisini ya mtoto mchanga wa kilo 3. Dozi ilikuwa miligramu 5 kwa kila kilo, yaani miligramu 15, na hesabu hiyo aliipata bila hata karatasi. Akachukua bomba la sindano, akaanza kuvuta mililita moja na nusu. Nikamshika mkono. "Mwanangu, kisome kichupa kwanza." Kiliandikwa miligramu 80 kwa mililita 2. Yeye alikuwa amepiga hesabu ya kile cha watoto, chenye miligramu 20 kwa mililita 2 hizo hizo. Vyote viwili ni vidogo, dawa yake ni maji yasiyo na rangi, na vilikuwa trei moja. Kwa kichupa alichokishika, mililita moja na nusu ni miligramu 60, mara nne ya alichostahili mtoto yule. Alitakiwa kuvuta kiasi kisichofika hata nusu mililita. Akaduwaa, kisha akaniambia, "Madam, hili hatujawahi kulifanya." Figo na masikio anavijua vyote, ila hakuna aliyewahi kumwekea vichupa viwili mezani akamwambia, haya, chagua na uvute.

Uzito nao ni mtihani. Dawa mseto ya malaria inakwenda kwa kilo: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa kidonge kimoja kwa kila dozi, wa kilo 15 hadi chini ya 25 viwili. Watoto wawili wa miaka mitatu, wa nyumba moja, wanaweza kuwa mmoja ana kilo 12 na mwenzake 16. Ukimkadiria kwa macho huyo wa 16 kuwa sawa na mwenzake, unampa nusu ya dozi. Homa inaweza kushuka, mama akashukuru, na vimelea vikabaki. Nimefika mahali mizani iko chumba cha kliniki ya watoto, mlango umefungwa kwa sababu siku hiyo si ya kliniki, na cheti cha dawa hakina hata nafasi ya kuandika kilo. Kitabu cha mwongozo wa taifa wa matibabu kimefungiwa kabatini. Hapo hata niliyemfundisha vizuri atakisia.

Kwa watu wazima hatari kubwa naiona kwenye dawa kukutana. Mgonjwa anayemeza ARV zenye dolutegraviri, akianzishwa dawa za TB zenye rifampisini, dolutegraviri hiyo lazima aipate asubuhi na jioni badala ya mara moja kwa siku, la sivyo haitoshi mwilini. Mwenye kisukari naye, akiwa kwenye dolutegraviri, metformini yake isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Lakini kliniki ya kisukari ina kadi yake na CTC, kliniki ya wanaotumia ARV, ina kadi yake, na wapo wagonjwa wanaoificha ya pili kwa kuogopa maneno ya watu. Nesi asiyeuliza kwa upole, faraghani, "Unatumia dawa gani nyingine, hata za kienyeji, hata ulizonunua duka la dawa muhimu?" hataijua. Na kabla ya kumwandikia binti wa miaka 30 kaptoprili ya presha, aulize kama ana mimba au anatarajia, maana dawa hiyo inamdhuru mtoto tumboni.

Naliomba Baraza la Uuguzi na Ukunga, pamoja na vyuo vyetu, tubadilishe mtihani. Mwanafunzi awekewe kichupa, bomba na kadi ya mgonjwa, avute dozi mbele ya msimamizi. Kisha aandike cheti kamili: jina la dawa kwa kirefu, kipimo, mara ngapi, siku ngapi. Aandike 0.5, sifuri ikitangulia, na asiandike 5.0, kwa sababu nukta isipoonekana hiyo ni 50. Asiyeweza arudie, hata kama maswali ya kuandika amepata yote. Kwa waganga wakuu wa wilaya ombi langu ni dogo: mizani ikae chumba cha kuandikia dawa siku zote za wiki, na kitabu cha mwongozo kiwe juu ya meza.

Kwa upande wangu nimeanza kukusanya vichupa vilivyokwisha tumika, tunavisafisha, tunajaza maji, na wanafunzi wanafanya zoezi hilo kila Ijumaa mchana. Wakufunzi wenzangu wa vyuo vingine wanaotaka kuja kuona, karibuni.

Mkufunzi wa uuguzi,
Morogoro