Barua kwa mabinti mliojifungua Dodoma: huyo mtoto atoke lini?

Wanangu hamjambo huko. Wa Nkuhungu, wa Ipagala, wa Chang'ombe, wa Ilazo, na nyie mliohamia na serikali mkapanga huko njia ya Mtumba ambako hamna shangazi wala mama mdogo wa kuwashikia mtoto mkaoge. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba zote kwa mpigo, tuongee maana swali mnaloniuliza ni moja kila wiki, bibi mtoto naweza kumtoa lini. Kumjibu mmoja mmoja nimechoka, someni wote hapa na mama wakwe zenu wasomeeni.

Mnauliza lini, hamuulizi anaenda wapi na atashikwa na nani, na hapo ndo penyewe. Kichanga cha wiki mbili kukaa na mama yake uani chini ya mwarobaini asubuhi kabla upepo haujaanza, na kichanga hicho hicho kupelekwa soko la Majengo jumamosi, nyie vyote mnaita kumtoa nje. Uani mi sikuwekei siku, kama mama ana nguvu na mtoto ananyonya vizuri kaeni kivulini mpate hewa. Ila msimuanike juani eti amekuwa wa njano. Njano ikitokea ndani ya masaa 24 ya kuzaliwa, au ikifika viganjani na nyayoni, hiyo sio ya jua, ni ya kumkimbiza hospitali saa hiyo hiyo.

Arobaini siidharau, mtanisamehe wale wa kusema ni mambo ya kizamani. Ile ilikuwa likizo ya mwanamke kabla ya likizo kuandikwa. Damu inakata, kidonda kinafunga, unakunywa uji wa uwele na supu, hamna anayekutuma maji. Waislamu wana nifasi, zile siku za damu ya uzazi, ambayo wengi huku wanaihesabu mpaka arobaini, na Wakristo mkifungua Walawi 12 mtakuta siku saba na thelathini na tatu kwa mtoto wa kiume, ndo maana kwenye Luka 2 Mariamu na Yusufu walimpeleka mtoto hekaluni siku za utakaso zilipotimia. Sasa tazameni, chanjo ya wiki ya sita ni siku ya 42. Hapo mtoto ndo anapata sindano yake ya kwanza yenye kinga ya kifaduro ndani yake, pamoja na ya nimonia na matone ya kuhara, kwa hiyo anayesubiri arobaini iishe ndo ampeleke kwenye watu amefanya jambo la maana hata kama sababu anayoitaja ni nyingine. Ila kinga haikamiliki kwa sindano moja, kuna wiki ya 10 na ya 14, na surua mpaka afike miezi tisa. Mwenye kikohozi hawi salama kwa mtoto eti kwa sababu arobaini imepita.

Ninachokataa, na hapa ntasema kwa sauti, ni arobaini kugeuzwa kufuli. Kuna mama mkwe anamwambia mkwe wake mtoto hatoki humu hata kliniki mpaka siku zitimie. Mama, hapana. Kliniki sio matembezi. Hatari kubwa kabisa ya mtoto iko kwenye siku 28 za mwanzo na hasa wiki ya kwanza, sasa wewe unamfungia siku zile zile ambazo nesi anatakiwa amwone kitovu, ampime uzito, aangalie anavyonyonya, na mama apimwe presha na damu inavyotoka. Aliyezalia nyumbani au njiani ndo kabisa, mtoto wake hajapata BCG, chanjo ya kifua kikuu ya begani, wala matone ya polio, aende mapema bila kusubiri sherehe. Na ukiona kaacha kunyonya, au mwili una moto, au umepoa ukimshika miguu na tumbo, au anapumua mbiombio mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani, au kitovu kinatoa usaha, au kashtuka kama degedege, unatoka naye hata iwe usiku wa manane na upepo unavuma. Hamna mila inayokataza hapo, na kama ipo basi hiyo ivunjwe.

Kuna kitu kingine sipendi kukiandika lakini nimefanya kazi zahanati za huku miaka mingi, siwezi kunyamaza. Hapa Dodoma na kwa jirani zetu Singida mtoto wa kike akilia akikojoa au akiwashwa watu wanasema ana lawalawa, na dawa yake eti akatwe. Tangu sheria ya 1998 ifanye ukeketaji wa binti chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, wapo waliohamia kwa vichanga, maana kichanga hasemi na hayupo darasani mwalimu akamuuliza. Unafanyika siku gani? Siku hizo hizo ambazo mtoto "hatoki". Kwa hiyo mabinti, mkiambiwa mtoto wa kike asionwe na nesi kwa wiki kadhaa, ulizeni kwa nini. Muwasho na kulia kwake vinatibika zahanati kwa dawa ya kawaida, hamna lawalawa inayotibiwa kwa wembe.

Haya turudi kwenye upepo wetu. Mnaujua wenyewe, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi vumbi linapita na mifuko ya nailoni juu ya mapaa, na mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inauma. Sasa mtu anafunga madirisha yote anaingiza jiko la mkaa chumbani kumpashia mzazi joto. Jamani! Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, inalaza mama na mtoto moja kwa moja. Bora umtoe nje na vumbi lake kuliko hiyo. Baridi inatibiwa kwa kofia, soksi na mtoto kulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, alafu mnafunikwa wote. Na mwezi wa kumi na moja hapa ni joto, mnamwona mtoto kavikwa mablanketi matatu kwenye bajaji uso umefunikwa kabisa, huyo anachemka. Uso uonekane, pua iwe wazi.

Alafu kuna hili la wageni. Mtoto mmemficha asitoke ila mtaa mzima umeingia ndani, na kanga zao na sabuni zao na mafua yao, kila mmoja anataka ambebe ambusu mdomoni aone kafanana na nani. Hapo umekwepa nini? Heri yule aliyempitisha mtoto barabarani kifuani akarudi kuliko huyo aliyeshikwa na mikono ishirini sebuleni. Weka ndoo na sabuni mlangoni, asiyenawa asibebe, na mwenye mafua atasalimia dirishani. Akika siku ya saba fanyeni, mbuzi achinjwe watu wale, mtoto abaki kwa mama yake, hamna aya inayosema azungushwe kama sahani ya pilau.

Kanisani, msikitini, harusini, msibani na kwenye mkesha wenye spika, mi nasema subirini ipite ile sindano ya wiki ya sita na hata hapo kaeni karibu na mlango. Hiyo ni hukumu yangu, daktari wako akikwambia tofauti msikilize yeye. Safari hivyo hivyo. Tangu treni ya umeme ianze 2024 vijana wanaume wamepata kiburi, mtoto ana wiki mbili baba anataka ampeleke Dar bibi yake akamwone. Bibi ana miguu, treni inarudi pia, apande yeye aje na aje kufua nepi sio kuangaliwa. Bodaboda na kichanga sitaki hata kuisikia.

Wa njiti hesabu yenu ni nyingine kabisa, msifuate arobaini ya jirani, fuateni uzito na tarehe za kurudi mlizopewa wodini na kangaroo, ile ya kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, iendelee nyumbani.

Na mwenye genge, mama lishe, muuza mboga wa Sabasaba, mwanangu najua wewe huna zile siku 84 za waajiriwa. Watakusema kwamba humwonei huruma mtoto, wasikusumbue, wao hawakulipii kodi. Ukilazimika kutoka naye mapema, mweke mbele kifuani sio mgongoni maana shingo bado laini na unamwona anavyopumua, kaa upande moshi hauendi, nyonyesha kila anapotaka, na usimwachie mteja ambebe wakati unahesabu chenji. Hilo la mwisho ndo gumu, nyie mnaona aibu kukataa.

Maswali ya kijicho msinitumie. Hirizi mfungeni mkitaka, wanja machoni msiweke, baadhi una madini ya risasi ndani na jicho la kichanga linaingia vidudu haraka.

Ukisemwa mtaani kwamba unaringa na mtoto wako, unamficha kama wa raisi, jibu fupi tu, "bibi amekataza". Wakiuliza bibi gani, nitajeni mimi, nimezoea kusemwa.

Bibi yenu, nesi mstaafu, Kikuyu, Dodoma.