Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: daftari kwanza, soko baadaye

Mheshimiwa Gavana, shikamoo.

Naandika kuhusu hizi derivativu za mikopo, yaani mikataba ya kumkinga mkopeshaji endapo mkopaji atashindwa kulipa, ambazo mabenki yanazitaka sana. Mi sipingi, tuelewane hapo mapema. Benki yenye hatifungani za kampuni inalipa ada kila robo mwaka, kampuni ikishindwa kulipa deni aliyeuza kinga anafidia, benki inapumua na inakopesha tena. Safi tu.

Shida ni huyu muuza kinga, ana hela kweli au ana jina tu? AIG, kampuni ya bima ya Marekani, walikuwa wameuza kinga za mamia ya mabilioni ya dola, na kwa vile reitingi yao (alama ya uwezo wa kulipa madeni) ilikuwa juu, wateja wengi hawakudai dhamana toka mwanzo, sasa reitingi iliposhushwa Septemba 2008 wote wakaja kudai kwa mpigo, hela hakuna, Marekani ikabidi itoe dola bilioni 85. Na hizo ni za kuanzia, mheshimiwa!

Ila kinachonisumbua zaidi ni Lehman, benki ya uwekezaji ya Marekani iliyoanguka mwezi huohuo. Walivyofilisika watu wakawa wanataja kinga za dola bilioni 400 juu ya madeni ya Lehman zinazotakiwa kulipwa, masoko yakapagawa, kumbe mikataba mingi inafutana, mtu kanunua huku kauza kule, na Oktoba hesabu zilipopigwa hela iliyohama kweli ilikuwa kama bilioni 5 na kidogo. Na daftari la mikataba lilikuwepo, la DTCC, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za miamala ya masoko, ila takwimu zake zimeanza kutolewa hadharani Novemba, watu washaungua.

Kwahiyo naomba kila mkataba uingie kwenye daftari siku hiyohiyo, jumla itangazwe kila wiki, na dhamana ipigiwe hesabu kila siku bila kujali reitingi ya mtu.

Msibane kupita kiasi lakini. India 2011 walisema mteja anunue kinga pale tu anapomiliki hatifungani yenyewe, soko likalala miaka na miaka mpaka 2022 wakalegeza. Ulaya nao 2012 katazo kama hilo waliliweka kwa madeni ya serikali tu.

Wauzaji watakwambia takwimu zikitoka siri zao za biashara zitavuja. Si kweli, majina yabaki kwako, sisi tupe jumla.

Naomba unijibu moja tu: daftari litaanza kazi kabla mkataba wa kwanza haujasainiwa, au baada?