Maji ya Mto Zigi yapimwe pia kemikali zisizoonekana

Mhariri,

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi ya mazingira, ili kupanua mitambo na mabomba. Naunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Ombi langu ni kwamba upanuzi huu uambatane na kupima kemikali ambazo vipimo vya kila siku havizioni.

Vipimo tulivyozoea huangalia tope, klorini, chumvi na vimelea. Hivyo ni vya lazima, kipindupindu hakina subira. Lakini mabaki ya viuatilifu, ya dawa za binadamu na kemikali za PFAS hupita bila kuonekana. PFAS zilianza kutengenezwa viwandani miaka ya 1940, nazo zimetumika katika vikaango visivyoshika chakula, nguo zisizolowa na povu la kuzimia moto wa mafuta. Haziozi. Ukichemsha maji zinabaki, ukitia klorini zinabaki. Mama anayechemsha ndoo nzima kila jioni anaua vimelea tu. Mkaa maalumu wa kuchujia unaweza kuzinasa, ila ni ghali, na hakuna mamlaka itakayoununua bila kujua inachuja nini.

Marekani wana utaratibu ninaoutamani. Sheria yao tangu 1996 inataka kila miaka 5 itolewe orodha ya vichafuzi visivyozidi 30 ambavyo bado havina kikomo. Vinapimwa kwanza kwenye maji ya bomba, kisha takwimu zikishapatikana ndipo kikomo hujadiliwa. Aprili 2024 waliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA, na vivyo hivyo kwa PFOS, ambazo ni aina mbili za PFAS. Umoja wa Ulaya nao umeweka mikrogramu 0.1 kwa lita, yaani nanogramu 100, kwa jumla ya PFAS 20.

Sisi Tanga tuna nafuu kubwa: tegemeo letu ni Mto Zigi, na maji yake yanakusanyika bwawa la Mabayani kabla ya kuja mjini. Sampuli za sehemu moja zinaweza kutueleza mengi. Zichukuliwe mvua za masika zinapoosha mashamba ya bondeni, na tena wakati wa kiangazi, mto ukipungua. Vifaa visipokuwepo hapa, zipelekwe maabara yenye navyo, hata nje ya nchi. Waanze na viuatilifu ambavyo wakulima wa bonde hilo wananunua madukani, maana orodha yake inaweza kupatikana kwa kuwauliza tu.

EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na Wizara ya Maji waufanye upimaji huo kuwa sharti, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ishirikishwe. Matokeo yabandikwe ofisi za kata na yatumwe kwa simu kama bili zinavyotumwa, kila kemikali itajwe kwa jina na kiwango chake, yawe mazuri au mabaya.

Mkazi wa Makorora,
Tanga