Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeacha kunipigia simu

Mwanangu,

Tangu Novemba 2024 sijasikia shikamoo yako. Mama yako ananiambia u mzima, kazi ya uuguzi inaendelea, na mtoto ameanza kutambaa. Habari zako nazipata kwa kuzunguka, na zinaniuma zikifika hivyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ugomvi wetu wote ulikuwa wa Kiingereza, mezani kwangu hapa Ohio. Kwa lugha tuliyotoka nayo Korogwe hatujawahi kurushiana neno baya. Na naiweka barua hii hadharani kwa kuwa nawajua wajomba na wapwa wengi katika nchi hii waliokatana kama sisi.

Siku ile uliniita boomer. Ni kweli: Wamarekani huwaita hivyo waliozaliwa kati ya 1946 na 1964, na mimi ni wa 1954. Ila uliongeza kwamba siasa zangu nimefundishwa na televisheni ya Wazungu. Hapo ulinikosea. Siasa zangu nilikuja nazo kutoka dukani kwa babu yako.

Hukumkuta babu yako. Alikuwa akiuza chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mche na khanga chache. Vibarua wa mkonge walikopa kwake hadi mwisho wa mwezi, naye akaandika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yashike nafasi yake. Babu yako alipewa siku chache tu. Duka jipya likafunguliwa, na baada ya muda mfupi rafu zake zikabaki tupu, huku yeye akirudi kwenye jembe akiwa na miaka hamsini na kitu. Lile daftari alilitunza hadi anakufa, na madeni ya watu ndani yake.

Mwalimu Nyerere nampenda hadi leo. Nilisoma sekondari bila ada kwa sababu yake, na hakujilimbikizia mali. Lakini pale dukani niliona kwamba serikali yenye nia njema inaweza kumvunja mtu mgongo na isijue kwamba imemvunja. Nilipofika Marekani mwanzoni mwa 1981, Ronald Reagan alikuwa ameapishwa kuwa rais majuma machache tu nyuma. Niliisoma hotuba yake kwenye gazeti la zamani chumbani kwa mwenyeji wangu. Alisema kwamba katika shida iliyokuwapo wakati ule serikali haikuwa dawa, bali ndiyo ilikuwa tatizo. Nikamwona baba amesimama mbele ya mlango uliofungwa. Tangu siku hiyo mimi ni mhafidhina.

Sasa swali lako. Ulinipazia sauti: wewe uliyeishi bila makaratasi, unampigiaje kura mtu anayefukuza watu? Siku ile sikujibu kwa sababu ya hasira. Leo najibu.

Viza yangu ilikwisha Septemba 1981, nami nikabaki. Miaka mitano nilibeba boksi, kama mnavyosema ninyi, na usiku nikafagia maofisi. Nikiona gari la polisi, tumbo linakata. Tarehe 6 Novemba 1986 Reagan akatia saini sheria iliyowafungulia njia waliokuwa wakiishi nchini bila kibali tangu kabla ya 1982. Kwa jumla karibu watu milioni 2.7 walipata makaratasi kwa sheria ile, nami nikiwemo. Nilipeleka stakabadhi za pango, barua za waajiri na alama za vidole, nikasomea Kiingereza na historia ya nchi hii.

Lakini sheria ile ilikuwa na mguu wa pili: mwajiri anayemwajiri asiye na kibali aadhibiwe, na mpaka ulindwe. Mguu huo ulichechemea tangu mwanzo. Waajiri walionyeshwa makaratasi ya kughushi wakafumba macho, na vyama vyote viwili vikanyamaza kwa kuwa vibarua wa bei nafuu walikuwa na faida. Mimi nataka mpaka wenye lango, linalofunguliwa na linalofungwa. Wewe na mama yako mliingia kwenye lango hilo mwaka 2003 kwa bahati nasibu ya viza, baada ya picha, vipimo na mahojiano. Nililia uwanja wa ndege siku ile, na bado nataka wengine waingie kama ninyi. Na ninapoona mama aliyeishi hapa miaka ishirini anachukuliwa mbele ya wanawe, silali. Nimemwandikia mbunge wangu, wa chama changu mwenyewe cha Republican, kumwambia hivyo.

Kwenye mambo ya ndoa na mimba ndipo tunapoumizana zaidi. Naamini ndoa ni ya mume na mke, na kilichomo tumboni ni mtoto. Hujanisikia nikimtukana mtu kwa hilo na hutanisikia. Kilichonichoma mwaka 2015 ni kuona majaji watano kati ya tisa wa Mahakama ya Juu wakihalalisha ndoa za jinsia moja na kufunga mjadala wa nchi nzima. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliporudisha suala la utoaji mimba kwenye majimbo, nilishukuru. Novemba 2023 sisi wa Ohio tukaulizwa kwa kura kama haki ya kutoa mimba iingizwe kwenye katiba ya jimbo. Niligonga milango mtaa mzima kwa magoti haya mabovu, na tukashindwa, karibu asilimia 57 kwa 43. Kesho yake nilimsalimu jirani aliyekuwa na bango la upande wa pili, akanisaidia kung'oa langu. Watu wameulizwa, wamejibu. Nitajaribu tena kuwashawishi. Kwa hiyo tarehe 6 Januari 2021, nilipowaona watu wakivunja madirisha ya Bunge kwa sababu mgombea wao ameshindwa, niliona aibu, na kanisani nilisema wazi. Wazee wawili hawanisalimu hadi leo. Hili hukulijua, maana hukuniuliza.

Deni la taifa ndilo linalonitisha kwa ajili ya mwanao. Nilipofika lilikuwa chini ya dola trilioni 1. Mwaka 2024 lilipita trilioni 36. Chama changu kiliapa kubana matumizi, kikipata madaraka kinakopa kama wenzao. Mwaka 1983 Reagan na Spika Tip O'Neill, wa chama pinzani, walikaa wakakubaliana kuiokoa pensheni ya wazee, na sheria iliyotokana na hapo ikasogeza mbele umri wa kuipokea kamili. Mimi wa 1954 ilinibidi nifike 66, na waliozaliwa 1960 na kuendelea wangoje 67. Hakuna aliyefurahi, ila hesabu zilikaa sawa. Leo anayekaa na mpinzani namna hiyo anaitwa msaliti na watu wake mwenyewe.

Kuna mahali ulinishinda, nami nakiri. Ni bima ya afya. Nililipa bili ya upasuaji wa kidole tumbo kwa miaka minne, nikiwa na kazi na nikilipa kodi. Wewe uko wodini kila siku, unayaona. Ningependa unieleze taratibu ungefanyaje, nami niulize maswali yangu bila kukukatiza. Siku ile nilikukatiza mara nyingi.

Jumapili hii napika makande, ya nazi, yale uliyokuwa ukiomba kukwangua sufuria. Saa nane mchana nitakuwa mezani. Mlete mtoto, nimekwisha funga kabati la visu. Siasa tukizizungumza, tuzizungumze, ila kwa Kiswahili.

Mjomba wako