Ukishafunga, goli linahama

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku. Hivi mmeshawahi kubishana na mtu ambaye kila ukifunga bao anang'oa milingoti na kuisogeza? Watu wanaita kuhamisha magoli, na shemeji yangu ndo bingwa wake.

Juzi tumekaa kaanza, eti chanjo ya surua inaleta usonji. Nikamwambia hiyo habari ilivuma kutokana na ripoti ya 1998 kwenye jarida la Lancet, watoto 12 tu, na jarida lenyewe likaja kuifuta 2010. Akasema sawa, ila nioneshe utafiti mkubwa. Haya, nikampa simu asome mwenyewe ule wa Denmark wa 2019, watoto zaidi ya laki sita na nusu, na waliochanjwa hawakuwazidi wasiochanjwa kwa usonji. Kasoma, kashusha kwa kidole mpaka chini kabisa, kanirudishia simu. "Tatizo sio chanjo yenyewe bwana, tatizo ni zebaki wanayoweka humo." Zebaki! Chanjo hiyo ya surua haijawahi kuwa na hiyo dawa ya zebaki, na Marekani walishaitoa karibu kwenye chanjo zote za watoto kufikia 2001 na usonji haukupungua. Basi eti tatizo ni kuchoma nyingi kwa mpigo. Yaani tushacheza magoli matatu na hakuna hata moja alilokubali kwamba mpira umeingia, hapo ndo panaponiuma, maana angesema tu "hilo umenifunga, twende lingine" wala nisingemwandikia mhariri.

Ila nisimwonee. Kudai ushahidi zaidi sio kosa, mtu akikwambia mapema watoto 12 hawatoshi ana haki kabisa, na anayebadili msimamo baada ya kuona kitu kipya huyo ndo wa kubishana naye. Shida ni yule anayeweka sharti mwenyewe, unalitimiza, analibadilisha, halafu msimamo wake upo palepale utadhani hujasema kitu.

Siku hizi kabla sijafungua mdomo nauliza kwanza, ukiona nini utakubali? Na shemeji nikamuuliza. Kakaa kimya, kakuna kichwa, mwisho kaniambia, "We leta tu, ntakwambia."

Msomaji wenu